Sura Iliyopotea Mara Mbili

SEHEMU YA TISA

"Lakini mwanangu, si mmekwisha kuja kuichukua?"

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, msomaji. Kitinda kasimama mlangoni, simu sikioni, ufunguo mkononi, na mkunga mstaafu anamuuliza swali ambalo hakulitegemea hata kidogo.

"Nani amekuja kuichukua?"

"Watu wako! Wa ile tovuti yenu. Walikuja Jumatatu. Bwana mmoja mpole, kavaa glavu nyeupe kama daktari wa upasuaji. Kasema mnaisafisha kwanza, ndipo mama aje kuiona ikiwa inang'aa."

Kitinda hakuwa na watu. Tovuti nzima ilikuwa yeye mwenyewe, kompyuta yake yenye ufa kwenye kioo, na kona ya meza ya kulia chakula nyumbani kwa mama yake.

"Haloo? Mwanangu, upo?"

Alikuwepo. Akakata simu, akafunga mlango.

Nje ya geti teksi ilikuwa inanguruma. Ndani yake, kiti cha nyuma, mama yake alikuwa amekaa wima kama bibi harusi: gauni la zambarau lililopigwa pasi jana, viatu ambavyo havijatoka kabatini tangu mazishi ya mumewe, mkoba umekumbatiwa kifuani. Alikuwa anakwenda kumwona mtoto wake wa kwanza.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mtoto huyo alikwishafariki. Alifariki kabla Kitinda hajazaliwa, akiwa ndiyo kwanza ameanza shule. Enzi hizo nyumba yao haikujua kamera ni kitu gani. Sura yake ilibaki mahali pamoja tu duniani: kwenye picha aliyochorwa na baba yake akiwa hai, ameegemea dirisha, gauni la njano, macho yakitazama nje kana kwamba kuna mtu anamwita.

Baada ya mazishi, picha ikatoweka. Baba hakusema aliipeleka wapi. Mama akaamini kwamba aliiuza, akaibeba imani hiyo hata baada ya kumzika mumewe naye.

Baba huyo watu walimwita Fundi Rangi. Alichora mabango ya maduka ili familia ipate kula, na alichora picha ili yeye mwenyewe apumue. Picha alizigawa kama watu wanavyogawa salamu. Moja alipewa daktari wa meno aliyemng'oa jino. Nyingine alipewa mwalimu mkuu aliyempokea mwanawe shuleni bila maneno mengi. Nyingine zilikwenda kwa kinyozi, kwa mwenye nyumba, kwa mtu aliyemsaidia kusukuma gari kwenye mvua. Alipofariki, hakuna aliyejua hata nusu yake ziko wapi.

Kitinda ni mtoto wa mwisho, na kazi yake ni kutengeneza tovuti za maduka na zahanati. Akasema, kama nimewatengenezea wauza vitanda, nitashindwaje kumtengenezea baba yangu? Akafungua katalogi mtandaoni. Kila picha na ukurasa wake: vipimo, mwaka, inatundikwa chumba gani, iko kwa nani. Watu wakaanza kutuma. "Mimi ninayo moja jikoni." "Ofisini kwetu ipo, tulidhani ni ya kalenda."

Na ndipo mkunga alipotuma picha ya msichana wa dirishani.

Tuendelee.

* * *

"Mbona uso umekushuka?" mama aliuliza mara Kitinda alipoingia kwenye teksi.

"Jua tu, mama."

"Jua liko wapi? Kumefunga mawingu."

Dereva, mtu wa maneno, akamtupia mama jicho kwenye kioo. "Mama leo umependeza kupita kiasi. Harusini?"

"Nakwenda kumwona binti yangu."

"Hongera. Anakaa wapi?"

"Dirishani," mama alisema, akacheka peke yake.

Dereva akatikisa kichwa kwa heshima, akidhani huo ni mtaa mpya asioujua.

Kitinda alijaribu kusema. Alijaribu walipopita kituo cha mafuta. Alijaribu kwenye foleni ya taa. Kila alipofungua mdomo, mama alimtangulia.

"Unajua nitamwambia nini? Nitamwambia samahani, nimekuja nikiwa bibi kizee. Asinicheke."

"Mama..."

"Na baba yako nitamsema hapo hapo mbele ya mtoto. Kuuza sura ya mwanangu! Hilo sijamsamehe, na kaburi lake linalijua."

Kitinda akafunga mdomo.  Alikuwa anampeleka mama yake kwenye ukuta mtupu, kwa nauli, akiwa amemfungia mkanda wa usalama kwa mikono yake mwenyewe.

Ungekuwa wewe, ungesema?

* * *

Sebule ya mkunga ilikuwa ndogo, safi, yenye viti vilivyovishwa vitambaa vya kufuma. Mkunga alisimama katikati yake, mikono kichwani kama mtu aliyefiwa.

Mama akaingia kwa tabasamu. Akatazama ukuta wa kwanza. Akatazama wa pili. Kwenye wa tatu akaona msumari.

"Yuko chumba gani?" aliuliza.

Akachungulia mlango wa ndani.

"Nauliza, yuko chumba gani?"

Mkunga akaangua kilio. "Nisamehe, mwenzangu! Nimempa mtu mwanao! Nimemfunga kwenye shuka kwa mikono yangu hii hii nikampa!"

Basi Kitinda akasema yote, harakaharaka, kama mtu anayevua plasta kwenye kidonda. Bwana wa glavu. Jumatatu. Jina la tovuti. Hatumjui. Samahani mama. Samahani.

Mama hakulia. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaweka mkoba mapajani, akauliza kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anatazama wapi? Hapo alipotundikwa."

"Mlangoni," mkunga alisema huku akijifuta pua. "Kila nikitoka namuaga. Nikirudi namwambia nimerudi. Watu wakaniona nimerukwa na akili."

"Ulimnunua lini?"

Mkunga akaacha kulia ghafla. Akamtazama mama kama aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Kumnunua? Nani alikwambia nilimnunua?"

"Si baba yake alimuuza?"

"We! Alimleta mwenyewe kwa miguu, mvua inanyesha, kamfunika kwa koti lake, yeye kalowa chapachapa. Ilikuwa siku chache tu baada ya mazishi. Kaniambia, mke wangu hali, halali, anaongea na picha mpaka kunakucha. Nikiiacha ndani nitazika wawili. Kaniambia, wewe ndiye uliyempokea huyu mtoto alipokuja duniani, basi mpokee tena. Na mama yake akiuliza, usimwambie. Anichukie mimi tu, chuki haiui."



Mama alifungua mkoba wake, akaufunga. Akaufungua tena. Humo ndani hamkuwa na kitu alichokuwa anakitafuta.

"Miaka yote ile," alisema, "nilikuwa namwita muuza mtoto. Mbele za watu. Na yeye anacheka tu, anachovya brashi yake."

Kitinda alitaka kumshika mkono. Mama akauvuta mkono wake taratibu.

"Niache kidogo. Nitasubiri hapa hapa. Nenda ukamtafute dada yako."

* * *

Umtafute wapi?

Kitinda alitoka barazani, akafungua katalogi kwenye simu, akaanza kuwapigia walio na picha.

Daktari wa meno ndiye aliyepokea kwanza. "Ile ya soko la samaki? Nimeiuza, binti. Wiki iliyopita. Bwana mmoja mstaarabu sana, ana glavu."

"Daktari, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie kwani ilikuwa yako? Nilipewa kwa jino halali."

Mwalimu mkuu naye: "Alikuja ofisini, akanionyesha tovuti yenu. Jina langu lipo, picha ipo, mpaka kabati inapotundikwa juu yake limeandikwa. Nikajua huyu ni wa kwenu. Kwani si wa kwenu?"

Kinyozi alikuwa amemwazima. Mwenye nyumba alikuwa amemuuzia na anajuta kwamba alimuuzia rahisi. Mjane mmoja hakukumbuka alimpa kwa masharti gani, alikumbuka tu kwamba alikunywa chai, akavua glavu moja ili ashike kikombe, kisha akaivaa tena.

Kitinda akakaa kwenye ngazi ya baraza.

Picha za baba yake zilikuwa zimetawanyika, ndiyo. Lakini zilikuwa salama kwenye kutawanyika kwake. Hakuna mwizi ambaye angejua kwamba jikoni kwa mjane kuna kitu cha thamani. Yeye, Kitinda, ndiye aliyekwenda kuwaambia. Na anwani akawapa, na jina la mwenye nyumba, na chumba, na ukuta. Wanunuzi wa mbali walipoanza kuuliza habari za Fundi Rangi, yeye alifurahi, akapiga makofi mezani peke yake. Kumbe alikuwa amemchorea mtu ramani.

Akampigia kaka yake.

Kaka ndiye aliyemfuata ziwa dada yule marehemu, na utotoni ndiye aliyeshika brashi pembeni mwa baba. Sasa ni dalali wa nyumba, mtu wa kucheka, mtu wa "usijali, nalishughulikia." Alipokufa baba, ndiye aliyempa Kitinda moyo. Ndiye hata aliyemshauri aandike mahali picha ilipo, ili watu wasidhani ni hadithi za kutunga.

"Kaka, tumeibiwa."

Akamweleza. Upande wa pili palikuwa na kelele za gari, kisha mlango ukafungwa, kelele zikakatika.

"Mama yuko wapi?" kaka aliuliza. Safari hii hakucheka.

"Kwa mkunga. Kakaa mbele ya msumari, hataki kuondoka."

"Amekuja na wewe kabisa? Leo?"

"Si nilikwambia tungekuja? Au nilisahau? Kaka, kichwa hakifanyi kazi. Naifunga tovuti sasa hivi."

"Usifunge!"

Alisema kwa nguvu mno. Kisha akashusha sauti. "Sikiliza, Kitinda. Ukiifunga, kesho mtu akichora takataka zake akaandika jina la baba, atapingwa na nani? Mahali pekee panaposema hii ni yake na hii siyo ni pale kwako. Iache."

"Nikiiacha, wanazibeba."

"Najua."

"Nikiifunga, wanazighushi."

"Najua, mdogo wangu."

"Sasa nifanye nini?"

Kaka akapumua. "Nipe muda kidogo. Mwambie mama asilie. Na polisi usiende, watakuzungusha bure."

Simu ikakatika. Kitinda akabaki ameishikilia, kidole juu ya kitufe cha kufunga tovuti. Hakubonyeza. Hakukiondoa pia. Ilikuwa kama kushika kamba yenye ncha mbili na kila ncha ina mwanasesere wa kioo.

Kisha akafanya alichokatazwa.

* * *

Askari wa zamu alikuwa na kalamu isiyoandika. Aliitikisa, akaipulizia, akamsikiliza Kitinda mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimpa Kitinda matumaini makubwa.

"Kwa hiyo picha ni yako," alisema askari.

"Hapana. Ni ya mkunga."

"Mkunga kaibiwa."

"Ndiyo. Yaani, aliitoa mwenyewe."

"Alishikiwa kisu?"

"Hapana, afande. Alimfungia kwenye shuka."

"Shuka la nani?"

"La kwake."

Askari akaweka kalamu chini. "Dada, nisikilize kwa upole. Mtu kaja mchana kweupe, kasema naomba picha, kapewa picha, na shuka juu. Wengine wamemuuzia kwa hiari yao. Kosa langu la kuandika hapa liko wapi?"

"Alidanganya! Alisema ametoka kwenye tovuti yangu."

"Ana jina?"

"Simjui jina."

"Ana gari? Namba?"

"Hakuna aliyeangalia."

"Ana alama gani?"

Kitinda akahisi machozi yanamjaa. "Glavu."

Askari mwingine pembeni akacheka, akajifanya anakohoa. Yule wa zamu hakucheka. Kwa kweli alionekana kumhurumia, na huruma hiyo ilimuuma Kitinda kuliko kicheko.

"Mkunga aje mwenyewe," alisema. "Na hapo tutaanza. Lakini nisikudanganye. Kitu kama hicho kikishaondoka, kimeondoka."

Kitinda akatoka nje. Jua lilikuwa limechomoza kutoka mawinguni na mji mzima ulikuwa ukiendelea na shughuli zake. Mtu alikuwa akipakia magodoro. Mwingine akipaka rangi geti la duka, kijani kibichi. Alisimama akamtazama, mkono unakwenda na kurudi, mpaka mtu yule akamuuliza, "Dada, unatafuta nini?"

"Hata sijui," alisema.

Na hakuwa anatania. Baba yake alikuwa akichukuliwa vipande vipande, na hakuna mlango uliobaki wa kugonga.

Simu ikalia. Mkunga.

Kitinda akaipokea haraka. Mama! Kuna jambo limempata mama!

"Mwanangu!" mkunga alikuwa anapiga kelele. "Mwanangu, rudi! Rudi mbio! Wamemleta!"

* * *

Alifika akihema kama aliyefukuzwa.

Msichana wa dirishani alikuwa juu ya msumari wake.

Gauni la njano. Kiwiko juu ya ukingo wa dirisha. Shingo nyembamba imegeuka kidogo, macho yanatazama nje, yanatazama mlangoni, yanamtazama Kitinda anayeingia. Alimjua dada huyo kwenye kioo cha simu tu, akiwa mdogo kama kucha. Sasa alikuwa mkubwa karibu kama mtoto wa kweli.



"Kijana wa pikipiki kamleta," mkunga alieleza, anacheka na kulia kwa mpigo. "Kafungwa vizuri, na shuka langu limefuliwa! Kasema ametumwa tu, hamjui aliyemtuma. Mimi niliwaambia yule bwana ni mstaarabu! Si mliona? Amesafisha, amerudisha. Nyie vijana mna wasiwasi bure."

Mama alikuwa amekisogeza kiti karibu kabisa na ukuta. Mkono wake mmoja ulikuwa hewani, karibu na shavu la picha, haugusi.

"Mama?"

"Nimemwona," mama alisema bila kugeuka.

"Nipike chai!" mkunga akajiamrisha mwenyewe. "Leo lazima chai!" Akakimbilia jikoni, sufuria zikaanza kugongana.

Kitinda akasogea. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Alitaka kupiga picha nyingine nzuri zaidi, apandishe kwenye katalogi, aandike kwa herufi kubwa: ipo, imeonekana, mama yake amemwona. Akainua mikono ili anyooshe fremu iliyoinama upande.

Dole gumba likateleza ukingoni mwa picha, chini kidogo ya gauni.

Likatoka na rangi ya njano.

Kitinda akaliangalia dole lake.

Rangi ya baba yake ilikuwa imekauka kabla yeye hajazaliwa.

Akasogeza pua. Chini ya harufu ya sabuni ya shuka palikuwa na harufu nyingine, kali, ya tapentaini ya kuyeyushia rangi, ile iliyokuwa ikiwapasua vichwa utotoni baba alipofanya kazi na madirisha yamefungwa. Akatazama nyufa ndogo ndogo kwenye anga la dirishani. Zilikuwepo zote, palepale zilipoonekana kwenye katalogi. Lakini hazikuwa nyufa. Zilikuwa mistari ya brashi nyembamba kama unywele.

Ni bandia.

Ni bandia, na mama yake anamtazama kama mtu anayetazama pumzi yake mwenyewe ikimrudia.

Msomaji, kuna hali ambayo mtu hana upande wa kuegemea. Akisema, anamuua mama. Akinyamaza, mama ataaga dunia akiwa ameagana na uongo. Na tena mama akimwambia, "Iweke kwenye tovuti, andika mwanangu amepatikana," atafanyaje? Aithibitishe? Akiithibitisha hii, ile ya kweli, popote ilipo, itageuka kuwa ndiyo ya uongo, na kwa mkono wake mwenyewe.

Akaficha dole ndani ya ngumi. Akajikaza. Akalazimisha tabasamu.

"Ni mzuri, mama."

Mama hakugeuka.

"Futa kidole chako," alisema kwa sauti ya chini, "kabla mwenzangu hajarudi na chai."

Kitinda akafungua ngumi.

"Ulijua?"

"Nimejua kabla kijana hajamaliza kufungua shuka." Mama aliongea taratibu, macho kwenye picha. "Usimwambie mkunga. Amekaa na mwanangu kuliko nilivyokaa naye mimi. Akijua kwamba alimpoteza, hatafika mwezi ujao."

"Mama, tutaitafuta ile ya kweli. Nitakwenda..."

"Nyamaza, unisikilize. Njoo hapa. Unaona hiki?"

Kidole cha mama kikaelekea chini ya jicho la kushoto la msichana. Palikuwa na kidoti cheusi, kidogo kama mbegu.

"Naona."

"Mwanangu alikuwa na kidoti hapo. Lakini baba yako hakukichora. Tuligombana siku nzima kwa ajili yake. Mimi nasema, hujamaliza, hujamtia kidoti chake. Yeye anasema, kitaonekana kama doa la rangi, watu watadhani nimekosea. Hakukitia. Picha ile haikuwa na kidoti."

Kitinda akatoa simu. Akafungua ukurasa wa msichana kwenye katalogi, akaikuza sura mpaka ikajaa kioo chote. Chini ya jicho la kushoto hapakuwa na kitu. Shavu safi.

Akatazama ukutani. Kidoti.

"Sasa huyu mghushi," alisema, "amekitoa wapi?"

"Ndiyo ninachokuuliza." Mama aligeuka kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa makavu, na hilo lilitisha kuliko machozi. "Hakuna picha ya kamera. Hakuna aliyekiandika popote. Mtu aliyechora hii hakuwa anakopi tu. Alifika hapo, mkono ukakumbuka. Huyu alimwona mwanangu akiwa hai."

Jikoni mkunga alikuwa anaimba.

Kitinda alipitisha kichwani waliomjua mtoto yule. Baba, marehemu. Babu na bibi, marehemu. Majirani wa zamani, walihama, walikufa. Waliobaki walikuwa wamo ndani ya nyumba hii, mmoja amekaa kwenye kiti, mwingine anapika chai.

Na mwingine mmoja.

Alitaka kulikataa wazo hilo. Hakuwahi kupata nafasi. Simu iliyokuwa mkononi mwake ikaanza kutetemeka, na jina lililoangaza kwenye kioo lilifunika sura ya msichana.

Kaka.

Akapokea.

"Kitinda?" Sauti ya kaka ilikuwa na ule uchangamfu wake, lakini umechujuka, kama chai iliyoongezwa maji. "Vipi, mama amefurahi? Imekaa vizuri ukutani?"

Kitinda hakuwa amemwambia kwamba picha imerudi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mama akanyoosha mkono. Hakuomba. Aliichukua simu kutoka kwenye vidole vya binti yake, akaiweka sikioni, akamsikiliza mwanawe wa kiume akipumua.

"Mwanangu," alisema kwa upole ambao Kitinda hakuwahi kuusikia, "dada yako umemchora vizuri. Sasa niambie, yule mwingine umempeleka wapi?"

 Kisha, kwa mbali, ikatoka sauti ya mwanamume mzima aliyeshindwa kuzuia kilio.

"Mama," kaka alisema. "Mama, tafadhali. Nyumbani msirudi leo. Yule wa glavu na wenzake wako ndani."